Kioo cha mashine ya printi kikififia usikimbilie kununua paneli nzima

Hizi mashine kubwa za printi za kala tunazonunua mtumba, zile zinazoshushwa Dar zikitokea Ulaya au Dubai, nyingi zinakuja na injini nzima kabisa, dramu ile inayobeba picha bado ina maisha, fyuza ile ya kuchoma unga kwenye karatasi iko poa, ila kioo cha juu kile cha tachi kimeshachoka. Na kibaya zaidi hakifi siku moja. Kingekufa ghafla ungeita fundi siku hiyo hiyo maana kazi imesimama. Hichi kinafifia polepole, leo kidogo kesho kidogo, na nyie mnazoea. Mnaanza kwa kuvuta pazia. Af mnahamisha ile taa ya dirishani. Sisi pale kwenye duka letu la printi Levolosi, Arusha, tulifika mahali tukakata boksi la rimu tukalifunga na selotepu juu ya kioo liwe kama kofia, ukitaka kuprinti unaingiza kichwa humo ndani, mteja akikuona anajiuliza huyu anasali au anafanya nini.

Na nasema tulizoea kweli. Mteja mgeni akiingia ndo anashangaa, sisi tunaona kawaida tu.

Hasara yake sasa haionekani kwenye hesabu za jioni, ndo maana watu wengi wanaiacha. Kwetu ilikua hivi: mashine ilibaki inaweza kuendeshwa na mtu mmoja tu, dada yetu wa pale ambaye amekaa nayo tangu imefika. Yeye alikua haangalii tena kioo, ameshika kwa kichwa trei ya 2 iko wapi, pa kubonyeza gramu za karatasi ni wapi, mbele na nyuma ni wapi, mkono unaenda wenyewe kama kipofu ndani ya nyumba yake. Kuona hivyo mtu unaweza kusema dada ni mtaalamu, na ni kweli ni mtaalamu, lakini maana yake pia ni kwamba akiumwa duka linaumwa.

Akapata msiba kwao Rombo. Unajua msiba wa huko, sio wa kwenda na kurudi. Pale dukani tulikua tumechukua kazi ya kadi za send-off, kadi nzito ya gramu 300 saizi ya SRA3, yaani kubwa kidogo kuliko A3, tunaprinti halafu tunakata. Dogo tuliyemweka akaingiza kichwa kwenye boksi, akabonyeza anachodhani ndo karatasi nzito kumbe amechagua karatasi ya kawaida. Mashine ikatoa kadi zinang'aa vizuri tu. Mama mwenye shughuli kaja kuchukua, kashika moja, kapitisha kidole kwenye jina la bibi harusi, jina likabaki kwenye kidole.

Kwa wasiojua, mashine za toni hazimwagi wino wa maji, zinamwaga unga halafu fyuza inauyeyusha kwa joto na kuukandamiza kwenye karatasi. Ukiiambia mashine kwamba hii ni karatasi ya kawaida inatumia joto dogo na inapitisha haraka, sasa kadi ya gramu 300 inakula joto lote lile na unga haushiki. Kwa hiyo dogo hakua mzembe, alichagua kitufe ambacho haoni. Na huyo mama alituambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, ila tulimrudia kazi yote bure na pole juu.

Ndo nikasema hapana, hichi kioo leo kinashughulikiwa.

Nikawapigia wanaouza na kuhudumia hizo mashine, siwataji, wakamtuma kijana wao mstaarabu tu. Akaangalia, akaingia kwenye menyu akapandisha mwanga mpaka mwisho, ikawa ni ile ile. Akasema bosi hapa ni kubadilisha paneli nzima ya juu, yaani kioo, tachi, vitufe, bodi na kava lake, inaagizwa nje, subira wiki kadhaa, na bei akaitaja nikadhani amekosea sifuri. Alikua hajakosea. Sikumchukia kwa sababu najua wao wanafanya kazi hivyo, kampuni inawauzia kitu kizima na wao wanaweka kitu kizima, hakuna anayefungua ndani kuangalia kilichokufa ni nini. Ukiwa na mkataba wa sevisi hata mi ningekushauri uwaache wafanye hivyo hivyo na usiguse skrubu hata moja. Sisi mashine yetu ni mtumba, mkataba hatuna, kwa hiyo kila shilingi inatoka mfukoni kwetu.

Sasa msaada ulitoka mahali ambapo sikutegemea kabisa. Kuna fundi TV mmoja wa Ngarenaro huwa anakuja kwetu kuprinti vitabu vyake vya risiti. Akamkuta dogo kwenye boksi, akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza kuna nini humo, tukamwambia kioo. Akatoa simu yake, akawasha tochi, akaibandika karibu kabisa na kioo kwa ubavu, sio kwa mbele, kwa ubavu ukiwa unainamisha. Akaniita, "Kaka njoo uone."

Nikaangalia. Picha yote iko pale. Menyu, trei, idadi ya kopi, kila kitu kimeandikwa vizuri kabisa na kinabadilika ukibonyeza, ila hakina mwanga nyuma yake.

"Kioo chako kizima hichi. Kilichokufa ni taa. Mi kila siku nabadilisha hizi kwenye TV."

"Lakini fundi hii si TV."

"Kioo hakijui kama kiko kwenye TV au kwenye mashine ya printi, bwana."

Hicho kipimo cha tochi ndo kitu cha kwanza ambacho ningemwambia mtu yeyote afanye kabla hajampigia simu mtu. Picha ikionekana kwa tochi, kioo chenyewe ni kizima na shida ni taa ya nyuma au kinachoilisha hiyo taa. Picha isipoonekana hata kwa tochi basi shida iko kwingine, inaweza kuwa waya, inaweza kuwa bodi, inaweza kuwa kioo chenyewe kweli.

Baadae ndo fundi akanielewesha vizuri. Kioo cha LCD hakitoi mwanga, kazi yake ni kuzuia na kuruhusu mwanga unaotoka nyuma, na hata pale kinaporuhusu kinapitisha kidogo sana, kwenye kioo cha rangi chini ya asilimia 10 ya mwanga wa taa ndo inafika machoni kwako. Kwa hiyo taa ikipungua kidogo tu wewe unaona giza. Kwenye mashine za zamani kama yetu taa yenyewe ni CCFL, ni tubulaiti kabisa ile unayoijua ya dukani ila imepunguzwa ikawa nyembamba kuliko mrija wa peni, inakaa pembeni ya kioo, na inawashwa na kibodi kidogo kinaitwa inveta ambacho kinachukua umeme wa volti 12 hivi na kuupandisha mpaka mamia ya volti. Hizo taa zina umri. Kwa kawaida zinahesabiwa kati ya saa 20,000 na 50,000 hivi mpaka mwanga ubaki nusu. Piga hesabu mwenyewe, mashine inawashwa saa moja asubuhi inazimwa saa moja usiku, siku sita kwa wiki, hiyo ni zaidi ya saa 3,700 kwa mwaka, na kabla haijafika kwako imeshatumika miaka mingapi huko Ulaya. Yaani imekuja tayari mzee.

Kuna kitu kimoja ambacho kilitusumbua muda mrefu na hapa ndo kilipata jibu. Mwezi wa sita na wa saba kioo kilikua kinakua kibaya zaidi, hasa asubuhi, halafu kwenye saa nne hivi kinapata nafuu. Sisi tulisema ni umeme, asubuhi umeme unakua mdogo. Dada yeye alisema mashine imezeeka inahitaji kupashwa. Kumbe dada ndo alikua karibu na ukweli. CCFL inafanya kazi kwa mvuke wa zebaki ndani ya ile tyubu na kwenye baridi mvuke unakua mdogo kwa hiyo mwanga unapungua, na taa ikiwa imezeeka ndo kabisa, inawaka na kawekundu fulani mpaka ipate joto. Sasa Arusha tuko mita kama 1,400 juu, asubuhi ya mwezi wa saba unajua mwenyewe inavyokua, watu tunafungua duka na koti la kimasai begani. Kwa hiyo kama kioo chako kinafifia zaidi asubuhi za baridi na kina wekundu kwa mbali, huhitaji hata mtaalamu, taa imeshachoka.

Njia zilikua tatu. Ya kwanza ni kutafuta tyubu nyingine ya CCFL ya urefu ule ule, zipo lakini unarudi kule kule, utakua umeweka kitu cha teknolojia inayoondoka. Ya pili ni kubadilisha kioo chote na kipya ambacho kimetoka kiwandani na taa za LED. Mi nilipenda hii, nikaona ndo usafi. Fundi akakataa. Akageuza kile kioo akanionyesha stika ya nyuma yenye namba ndefu, akasema ukipata chenye namba hiyo hiyo sawa, ila ukinunua kwa sababu tu kinalingana saizi na kina pini zinazolingana, pini ya umeme inaweza kuwa imekaa penye pini ya data, ukiwasha unaunguza kioo kipya na bodi ya mashine kwa pamoja, hapo ndo utaipenda ile bei ya paneli nzima. Nikanyamaza.

Ya tatu ndo tuliyofanya, kuacha kioo kile kile na kutoa tyubu, kuweka ukanda mwembamba wa LED mahali pake, halafu kutoa inveta na kuweka draiva, yaani kibodi cha kulisha LED umeme. Hivyo vifaa vinauzwa pamoja, ukanda mmoja au miwili na kibodi kidogo, Kariakoo vipo kibao na bei yake ukilinganisha na ile ya paneli ni aibu hata kuitaja. Vikaja na basi kwenye bahasha. Ukanda unakuja mrefu, unaukata kwa urefu wa tyubu ya zamani, ila huwezi kukata popote, unakata pale kwenye alama baada ya kila LED tatu, maana zimeunganishwa tatu tatu.

Tulifanya Jumapili baada ya ibada kwa sababu mbili, duka limefungwa na vumbi la barabarani linakua dogo. Vumbi fundi aliliogopa kuliko umeme. Alimwaga maji sakafuni chumba kizima, akamwomba dada kanga akailowesha akaitundika mlangoni, feni akazima, akavaa glavu zile za hospitali, halafu ndo akasema sasa leteni. Nikaona mbwembwe. Nilielewa alipofungua.

Nyuma ya kioo kuna karatasi, sijui niziite karatasi au plastiki, zimepangwa moja juu ya nyingine. Chini kabisa kuna nyeupe inayorudisha mwanga, juu yake kipande kinene cha plastiki angavu ambacho ndo kinachukua mwanga wa pembeni na kuusambaza kioo kizima, juu yake kuna ya ukungu, halafu kuna moja au mbili ukizigeuza unaona upinde wa mvua, hizo zina mistari midogo sana ya kuelekeza mwanga mbele. Ukikosea mpangilio au ukageuza moja juu chini, kioo kitawaka lakini kitakua na kivuli cha ajabu. Na ukiacha chembe moja ya vumbi katikati yake utaiona kila siku ya maisha yako kama nukta. Alama ya kidole ndo usiseme. Kila alichotoa alikipiga picha kwa simu kwanza, akakiweka kwenye karatasi safi kwa mpangilio ule ule kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi kazi yangu ilikua kushika simu na kufunga mdomo, kwa sababu hata mate yanaruka.

Tyubu ilipotoka tukaona wenyewe. Ncha zote mbili nyeusi tii, umbali wa kucha nzima kila upande. Akaitoa taratibu sana bila kuivunja, akaiviringisha kwenye gazeti akaifunga kwenye mfuko, kwa sababu ya hiyo zebaki. Ni kidogo sana ndani yake lakini hakuna sababu ya kuivunjia chumbani ukaivuta. Ikivunjika fungua madirisha toka nje kwanza, usichukue ufagio ukaanza kutimua.

Ukanda wa LED ukaingia kwenye ile chaneli ya chuma iliyokua imebeba tyubu, kwa gundi ile ya pande mbili inayopitisha joto, na alihakikisha umegusa chuma vizuri mwanzo hadi mwisho. Hapa nilimuuliza maana LED si haichemki. Akasema inachemka sana, joto lake linatokea mgongoni, na likikosa pa kwenda LED zinabadilika rangi na kufa kabla ya mwaka. Ndo maana kuna watu wanafanya hii kazi halafu baada ya miezi wanarudi kusema LED ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini nyingi zimepikwa.

Sehemu ya waya ndo ilichukua muda kuliko zote na nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ndo wengi wanapolipua. Kile kibodi cha draiva kina waya nne. Mbili ni umeme, chanya na hasi. Ya tatu ni ya kuwasha na kuzima, na ya nne ni ya kuongeza na kupunguza mwanga. Inveta ya zamani nayo ina hizo hizo kwa majina mengine. Fundi wa haraka haraka anachukua umeme, ya kuwasha anaibana moja kwa moja kwenye chanya, ya mwanga hivyo hivyo, kioo kinawaka anachukua hela yake anaondoka. Kinawaka ndio, ila hakizimi. Mashine inalala, kioo kinawaka. Usiku mzima kinawaka kama hamjachomoa. Na umerudi kwenye kuzeesha taa bila sababu.

Huyu wetu alichukua multimita, kile kipimo cha umeme, akaweka kwenye soketi ya inveta ya zamani, akaniambia lazisha mashine, amsha mashine, lazisha, amsha, mpaka akapata pini ambayo inapanda mashine ikiamka na kushuka sifuri ikilala. Hiyo ndo akaiunga kwenye waya wa kuwasha. Ya mwanga nayo akaipata kwa njia hiyo hiyo, mimi nikiwa naongeza na kupunguza mwanga kwenye menyu. Tukaunga, tukawasha, kikawaka. Dogo akapiga makofi. Nikaenda kwenye menyu nikaongeza mwanga, kikapungua. Nikapunguza, kikaongezeka.

Tukaangaliana.

Fundi akacheka akasema mashine hii inahesabu kinyume, kwao volti ikishuka ndo mwanga unapanda, na draiva yetu volti ikipanda ndo mwanga unapanda. Angeweza kutengeneza kisakiti kidogo cha kugeuza lakini akaniuliza swali la maana, kaka wewe huu mwanga huwa unaubadilisha mara ngapi. Ukweli ni kwamba hakuna mtu anayebadilisha. Basi akauacha huo waya wa mashine, akaweka kivoliumu kidogo kile cha kuzungusha na bisibisi, tukachagua mwanga tunaoutaka mara moja, tukafunga. Sio usafi wa kiwandani, lakini mi nilipenda hiyo akili, sio kila kitu lazima kirudi kama kilivyokua.

Na hapo kwenye kuchagua mwanga kila mtu alitaka mpaka mwisho, kwa ile njaa tuliyokua nayo. Kikiwa mwisho kilikua kinaumiza macho, weusi unakua kijivu, na ukiangalia ule upande wa ukanda unaona vidoa vya mwanga penye kila LED. Tukarudisha kama theluthi mbili hivi. Vidoa vikapotea, joto likapungua. Mwanga wenyewe una ubluu kidogo kuliko wa zamani na wa kwanza kuuona ni dada aliporudi, akasema kioo kimekua cha baridi. Ukizoea huoni tena.

Ila kuna kitu kilibaki. Kioo kinang'aa lakini katikati na kule chini kulia kuna ukungu, kama umeangalia kupitia nailoni. Hiyo haikua taa, ilikua tachi. Tachi za hizi mashine nyingi za zamani sio kama za simu, ni zile za kubonyeza, zina tabaka mbili zimeachana kidogo sana, juu ni plastiki, ukibonyeza zinagusana ndo mashine inajua umegusa wapi. Ndo maana unaweza kuibonyeza hata na kucha au na glavu. Sasa ile plastiki ya juu kwetu imefutwa kwa miaka na kila kitu, thina, spiriti, sanitaiza, halafu watu wanabonyezea peni. Mahali pa kitufe cha OK palikua pamechimbika.

Tachi tuliagiza tofauti, ni kioo chembamba tu kinauzwa peke yake, cha kwetu cha waya nne. Hapa cha kuangalia ni vipimo vya milimita, vya nje na vya eneo linaloonekana, na ule mkia wa waya unatokea upande gani, maana ukitokea kushoto na soketi iko kulia huna cha kufanya. Ikifungwa lazima mashine iambiwe upya kona ziko wapi, unaingia kwenye menyu ya mafundi inakuonyesha alama za kugusa, unagusa moja moja. Kabla ya hapo ukibonyeza trei ya 1 inachaguliwa ya 3, usiogope ukadhani umeharibu. Na tangu siku hiyo pale juu ya mashine kuna kitambaa laini na maji kidogo, thina imehamishiwa stoo, na mwenye peni akisogelea kioo dada anamtoa mbio.

Gharama zote, vifaa vya taa, tachi, nauli ya mzigo na mkono wa fundi, haikufika hata robo ya ile bei ya paneli, na fundi nilimwongezea juu bila kuombwa. Vitabu vyake vya risiti mwaka huu ni bure. Tuliweka pia kioo kilale baada ya dakika chache mashine ikiwa haina kazi, kitu ambacho tungeweza kufanya tangu mwanzo kwenye menyu kama tungekua tunaiona hiyo menyu. Sa hivi dogo anaprinti, mimi naprinti, hata dada akienda kwao Pasaka kazi inaendelea. Alinuna kidogo mwanzoni, nadhani alipenda kuwa yeye peke yake, sasa amemfundisha dogo mpaka vitu ambavyo mi mwenye mashine sivijui. Kuna mteja wetu mmoja wa kampuni ya utalii, anaprinti brosha zake kwetu kila msimu, aliona kioo kinang'aa akaanza kusema rangi za brosha zimekolea siku hizi, twiga ametoka vizuri. Nilitaka nimwambie kioo na toni havijuani kabisa, nikaona acha tu afurahi.

Habari ikafika Moshi, jamaa yangu ana stationery kule karibu na soko la Mbuyuni, mashine yake ni ndugu na ya kwetu. Akapiga, kaka nitumie huyo fundi wa taa, kioo changu kimekua giza. Nikamwambia fanya kipimo cha tochi kwanza unirekodie video. Akatuma. Kwenye video nikaona kitu, paneli yake ni ile ya kuinua na kulaza, akiilaza kabisa kioo kinawaka vizuri, akiinua nusu kinafifia, akiinua yote kinazima. Hiyo sio taa, taa haijali umeinua au umelaza. Ni waya unaopita kwenye bawaba, umekunjwa mpaka nyuzi za ndani zimekatika. Fundi wa huko huko Moshi akambadilishia waya, ikaisha, akabaki ananiuliza kama na yeye aweke LED tu ili kiwe kikali kama cha kwetu. Nikamwambia taa yake nayo imeshaanza ule wekundu wa asubuhi kwa hiyo siku zake zinahesabika, alete fundi mapema. Akasema tuongee Januari, Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani, kadi za ubarikio na za harusi zimejaa mezani na hawezi kuizima mashine hata nusu siku.